Shaba yetu na pete ya kilomita 91

Leo mchana, hapa Lubumbashi, mji wetu wa shaba nchini Kongo, niliketi na wanafunzi wangu wanne mbele ya simu moja, tukifuatilia mkutano wa kimataifa kuhusu mashine mpya ya kugonganisha chembe ambayo inapendekezwa kujengwa CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, chini ya ardhi ya Uswisi na Ufaransa.

Mashine ya sasa, ile iliyotuonyesha mwaka 2012 bozoni ya Higgs, chembe iliyokuwa ikitafutwa kwa miaka mingi, ni pete yenye mzingo wa kilomita 27; hiyo mpya ingefikia karibu kilomita 91.

Umeme ulikatika mara mbili (tumekwisha kuzoea).

Kisha tukasikia jinsi nyaya za sumaku za mashine ya sasa, zinazopozwa hadi selisiasi 271 chini ya sifuri, zilivyotengenezwa kwa metali za niobi na titani ndani ya shaba, ili sumaku ikipata joto ghafla, shaba ndiyo iubebe mkondo wa umeme.

Shaba!

Mwanafunzi mmoja aligeuka dirishani, akautazama kwa muda mrefu ule mlima mweusi wa mabaki ya kiwanda cha shaba alikofanya kazi marehemu babu yake, wala hakusema neno. Nami nikanyamaza.

Ndugu zangu, ninyi mngemwambia nini?