Kikaratasi cha mlangoni

Msimu wa chama chetu cha filamu umefungwa, na mhazini ametusomea orodha ya alama. Kwa ambao hawajawahi kuona chama cha namna hii: ni wakazi wa mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza, wengi wao wastaafu. Wanalipa ada ya msimu mzima mwezi Septemba, kisha hadi Aprili wanakutana kwenye ukumbi wa kanisa kutazama picha ambazo jumba la sinema la mjini halitathubutu kuzileta. Viti ni vya kukunja, projekta iko juu ya meza, na chai hunywewa wakati wa mapumziko. Ukiingia unapewa kikaratasi chenye herufi A hadi E ukingoni. Picha ikiisha unachana kidogo kwenye herufi unayoona inaistahili, unakitumbukiza kwenye ndoo mlangoni, unakwenda zako. Mhazini anahesabu, anatoa asilimia.

Ile ndoo siipendi, ila chama nakipenda. Umeshalipa, kwa hiyo unakaa mbele ya picha ambayo usingeichagua hata siku moja kama ungekuwa nyumbani na rimoti mkononi.

Uzuri mwingine ni kwamba vyama hivi vina ukoo. Cha London kilianza mwaka 1925, kikiongozwa na kijana anayeitwa Ivor Montagu, na miongoni mwa wanachama walikuwemo waandishi George Bernard Shaw na H. G. Wells. Mwaka 1929 kilionyesha Battleship Potemkin, picha ambayo umma wa Uingereza ulikuwa umekatazwa kuitazama, na Eisenstein, aliyeitengeneza, mwenyewe alikuwepo. Kule Calcutta, India, Satyajit Ray na wenzake walianzisha chao mwaka 1947. Miaka mitatu baadaye kampuni ya matangazo aliyokuwa ameajiriwa ikampeleka London kikazi, na huko akaiona Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica. Akarudi nyumbani na nia ya kutengeneza picha yake. Fedha zilimwishia njiani, akaweka rehani vito vya mkewe, na Pather Panchali ikatoka mwaka 1955.

Kamati yetu ilizipanga picha hizo mbili zifuatane, na hapo nikawavulia kofia. Maana Bicycle Thieves nayo inaanza na rehani. Baba amepata kazi ya kubandika mabango, kazi inataka baiskeli, na baiskeli iko kwenye duka la rehani. Mkewe habishani. Anavua mashuka kitandani, anayafunga, anayapeleka. Karani anayapokea, na tunamwona akipanda rafu juu, na juu zaidi, yamejaa mafurushi ya mashuka ya watu wengine hadi karibu na dari. Hakuna anayesema neno kuhusu umaskini wa Roma baada ya vita. Ukumbini nilisikia mtu akishusha pumzi.

Siku ya kwanza ya kazi, baiskeli inaibwa. Mimi nimekulia Temeke, kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video, nikitazama kanda zilizotafsiriwa na Lufufu kwa sauti yake ile ya kuunguruma, na kule tulijua kwamba stelingi akiibiwa, ole wake mwizi. Huyu wa De Sica, ambaye mwigizaji wake katika maisha halisi alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, anatafuta kutwa nzima na mwanawe, hapati, mwishowe anajaribu kuiba baiskeli ya mtu na kukamatwa mbele ya mtoto. Kibanda chetu kingedai kiingilio kirudishwe. Wazee wa hapa waliipa A karibu wote, nami pia.

Tokyo Story ya Yasujiro Ozu (1953) ndiyo niliyoingia nayo shingo upande. Wazee wawili wanatoka Onomichi kwenda kuwatembelea watoto wao Tokyo. Watoto si wabaya, wana shughuli tu. Mwisho wanawachangia wazee pesa za kwenda Atami, mji wa chemchemi za maji moto, ili wawe nje ya njia, na huko vijana wanapiga kelele usiku kucha wazee wasilale. Anayewashughulikia kwa moyo ni Noriko, mjane wa mtoto wao aliyepotea vitani. Kamera iko chini muda wote, kama mtu aliyeketi mkekani na wenye nyumba, na haina haraka ya kwenda popote.

Kesho yake nilimpigia mama simu Dar. Mama ni mtu wa sinema za zamani, za enzi za Avalon na Empire, na picha kwake ni ya Kihindi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Za huko, baridi?"

Nikamsimulia picha yote. Akasikiliza hadi mwisho.

"Stelingi ni nani?"

"Mkwe."

"Basi hiyo ni picha nzuri," akasema. Kisha akaniuliza naja lini. Nikamwambia kazini bado hawajatupangia likizo, na neno hilo lilivyonitoka nikamsikia yule mtoto wa wale wazee, daktari wa Tokyo, akiwaeleza wazazi wake kwamba Jumapili haitawezekana, ana mgonjwa.

Halafu kuna Touki Bouki. Djibril Diop Mambéty aliitengeneza Senegal mwaka 1973, na inafungua kwa machinjio, ng'ombe halisi, damu halisi. Watu kadhaa walitoka kabla wahusika hawajajulikana. Waliobaki walimtazama Mory na pikipiki yake yenye pembe za ng'ombe kwenye usukani, na Anta wake, wakiiba na kutapeli wapate nauli ya meli kwenda Paris, huku sauti ya Josephine Baker ikiimba jina la mji huo tena na tena. Wakati wa chai, mzee mmoja mpole akaniomba niwafafanulie, kwa kuwa Afrika ni kwetu. Nilimwambia Dakar iko karibu zaidi na London kuliko ilivyo na Dar es Salaam. Akacheka, akaniongezea biskuti, lakini bado akasubiri jawabu.

Sikuwa na la kumpa. Bandarini, Mory anageuka na kukimbia, Anta anapanda ngazi peke yake, meli inaondoka. Waandishi wengi wanamfuata Mory. Mimi nilibaki na Anta, kwa sababu mimi nilipanda, na Mambéty hatuonyeshi hata dakika moja ya mtu aliyepanda. Anakuwaje? Anakodi chumba wapi? Anajiunga na chama gani? Nilisimama mlangoni na kikaratasi changu, watu wakinipita, na kila herufi niliyoigusa ilikuwa ya uongo. Nikakitia mfukoni kikiwa kizima.

Katika orodha ya mhazini, Touki Bouki imeshika mkia. Sawa, watu wamesema walivyosikia saa ile. Lakini tangu Januari ndiyo picha ninayoulizwa sokoni, kituo cha basi, hata na mama mmoja aliyetoka kwenye machinjio yale akiwa amejiziba macho. Picha zilizopata A hakuna anayezitaja.

Sasa kamati inapokea mapendekezo ya msimu ujao. Nimewaandikia kuhusu Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na kuonyeshwa Toronto mwaka 2021. Zanzibar ya miaka ya 1950, mapenzi na siasa. Katibu amejibu haraka: je, ina maandishi ya Kiingereza chini, na hakuna machinjio? Maandishi yapo, nimemwambia. Hilo la pili nimemwambia atazame mwenyewe.