Michoro ya Kolo na Miti ya Kassel

Wapo wanaoamini kwamba sanaa ya kisasa inayohoji uhusiano wa binadamu na mazingira ni jambo la Ulaya na Marekani, nasi wa Dodoma tunalitazama kwa mbali tu. Sikubaliani nao, na ushahidi wangu uko Kondoa.

Katika miamba ya Kolo na maeneo jirani, iliyoingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, wawindaji wa kale walichora kwa rangi nyekundu pofu, twiga, tembo na watu warefu wembamba. Baadaye wakulima na wafugaji wakaongeza michoro yao kwa rangi nyeupe, mara nyingine juu ya ile ya zamani. Kinachonigusa zaidi ni kwamba mahali pale bado pana kazi yake: kwenye eneo la Mungomi wa Kolo watu wameendelea kufanya matambiko, yakiwamo ya kuomba mvua.

Ndiyo maana kazi ya Joseph Beuys, msanii wa Kijerumani, haikunishangaza. Mwaka 1982, mjini Kassel, Ujerumani, alirundika nguzo 7,000 za mawe ya basalti mbele ya jumba la makumbusho, akaweka sharti kwamba kila nguzo ingeondolewa pale ili isimikwe kando ya mti mpya. Kadiri miti ilivyoongezeka ndivyo rundo lilivyopungua, hadi mti wa mwisho ulipopandwa mwaka 1987, Beuys mwenyewe akiwa amekwisha kufariki.

Sisi tunayo habari nzito kuliko hiyo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika sehemu za Kondoa zilizoliwa na mmomonyoko. Makorongo yaliota nyasi na miti, lakini kwa gharama ya wafugaji waliolazimika kuhamisha ng'ombe wao. Hata hivyo, picha nyingi ninazoziona zikiuzwa zinaonyesha simba na Kilimanjaro, katika nyika isiyo na mtu hata mmoja. Nauheshimu sana mtindo wa uchoraji alioanzisha Edward Saidi Tingatinga. Ninachokililia ni nchi inayochorwa kana kwamba haijawahi kuguswa na jembe wala kwato.

Natamani msanii wa hapa atengeneze rangi kwa udongo mwekundu wa makorongo ya Kondoa, awasikilize wazee walioondoa mifugo yao, kisha kazi hiyo aionyeshe Kolo kwanza, kabla ya kuipeleka Dar es Salaam.