Kurasa kumi na moja za kiapo

Barua ilikuwa na mistari minne. Ilinifikia kwa WhatsApp, picha imepigwa upande, kutoka kwa kaka mmoja wa Burundi aliyekuwa Kigoma: ombi lake la hifadhi limekataliwa, aondoke nchini. Sababu haikutajwa hata moja. Nilikuwa karani kwenye ofisi ya wakili huku Posta, Dar es Salaam, na nilichotafuta kwanza ni tarehe. Miezi mitano na siku kumi ilikuwa imeshakatika.

Njia iliyobaki ilikuwa mapitio ya mahakama, yaani jaji kukagua jinsi uamuzi wa serikali ulivyofikiwa. Kwa kanuni zake za mwaka 2014, unaomba kwanza ruhusa Mahakama Kuu, ndani ya miezi sita tangu uamuzi utolewe. Ukiipata, una siku 14 za kufungua ombi lenyewe. Tulibakiwa na siku ishirini hivi, na mteja yuko Kigoma.

Usiku ule nikaandika rasimu ya kiapo, yaani maelezo ya mteja ambayo ataapa kuwa ni ya kweli, kurasa kumi na moja. Nyumba iliyochomwa, ndugu aliyepotea, njia ya porini. Nilijivunia, nakiri. Wakili akaisoma, akashika kalamu nyekundu, zikabaki kurasa mbili na nusu.

"Jaji hatauliza kama huyu ni mkimbizi," akaniambia. "Atauliza uamuzi ulifikiwaje."

Iliniuma. Lakini mapitio si rufaa. Nikampigia tena mteja, safari hii na maswali makavu: nani alikuwepo kwenye mahojiano, mkalimani alikuwa nani, ulisomewa maelezo yako?

"Dada, mkalimani hakuwepo. Walinipa karatasi nikaweka dole gumba."

Hiyo ikawa aya ya saba, na ndiyo iliyobeba shauri pamoja na ile barua isiyo na sababu. Hatari ya kurudishwa kwao ilipewa aya moja tu, ikiegemea ibara ya 33 ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1964, na mkataba wa wakimbizi wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wa 1969, unaomtambua hata anayekimbia vurugu zilizoikumba nchi yake.

Kiapo tulikiandika kwa Kiswahili, lugha ya mahakama kisheria tangu 2021. Mwalimu mmoja huko Kigoma akamsomea kwa Kirundi, naye akatia sahihi kwamba ametafsiri. Bahasha ikaja kwa basi. Nikaifuata stendi ya Magufuli, Mbezi, nikaifungua palepale kwenye benchi: kamishna wa viapo hakuandika mahali kiapo kilipoapwa. Utadhani ni kitu kidogo, kumbe viapo hutupwa kwa kosa hilohilo. Ikarudi Kigoma kwa basi la kesho yake. Siku nne zikaenda.

Tuliwasilisha zikiwa zimebaki siku tatu. Tuliomba pia jaji aelekeze uamuzi usitekelezwe kwanza, maana ruhusa peke yake haimzuii mtu kupakiwa kwenye gari na kuvushwa mpaka. Akaelekeza hivyo. Miezi kadhaa baadaye uamuzi ukafutwa.

Nilimpigia nikitoka mahakamani Kivukoni.

"Kwa hiyo dada, sasa mimi ni mkimbizi?"

Ilibidi nimwambie bado. Faili limerudi mezani kwa walewale, watamhoji upya, na mkalimani awepo. Akanyamaza kwa muda. Halafu akauliza, safari hii aseme nini.

Jioni ile nikamtumia yule mwalimu kurasa zote kumi na moja, amsomee.