Paka wa sura bapa akikoroma msicheke

Siku hizi hapa Moshi paka wa Persian wamekua wengi, ukifungua status za WhatsApp lazima ukute mtu anauza, na bei inapanda kadri sura inavyozidi kua bapa, yani yule ambae pua imezama katikati ya macho ndo anaitwa orijino. Sasa huyo orijino ndo anaepumua kwa tabu kuliko wenzake.

Dada yangu kule Pasua anae mmoja, anaitwa Pamba. Joto la mwezi wa pili mnalijua. Pamba akilala chumbani unamsikia mpaka sebuleni, wageni wanacheka eti anakoroma kama babu. Mi nikakaa nae karibu nimwangalie vizuri, tundu za pua ni vimstari viwili tu, akivuta hewa vinajibana, tumbo linaingia ndani, na akila anaacha chakula kwanza avute pumzi ndo aendelee.

Iko hivi, watu wamewazalisha kwa kuchagua wenye fuvu fupi kizazi baada ya kizazi, mfupa ukafupika ila nyama za ndani ya pua na kaakaa laini hazikupungua kiasi hicho, zinasongamana humo humo. Mfereji wa machozi nao unapinda, ndo maana usoni wana michirizi ya kahawia. Exotic na Himalayan, aina nyingine za paka wa sura bapa, ni walewale. Mwaka 2016 kuna utafiti ulitoka kwenye jarida la PLOS ONE, ukaonyesha uso ukizidi kua bapa na shida ya kupumua inazidi. Uingereza kule, chama kinachosajili paka, GCCF, kwenye vigezo vya Persian wanataka ukingo wa juu wa pua usipande juu ya ukingo wa chini wa jicho, alafu sisi huku tunaongeza hela kwa aliepitiliza, kweli jamani?

Kama tayari unae, mhesabie pumzi akiwa usingizini, ikizidi 30 kwa dakika mara kwa mara mpeleke kwa daktari wa mifugo. Na ukimuona anahema mdomo wazi usisubiri kesho, paka sio mbwa, kwake hiyo ni dharura. Asinenepe, mafuta yanambana zaidi. Jiko la mkaa, udi, dawa ya mbu ya kuchoma, vyote mbali nae. Upasuaji wa kupanua tundu za pua upo, ila uliza kwanza kama daktari ameshawahi kuufanya, na hata akienda kwa kitu kingine kumbusha kuhusu pumzi zake kabla hajapigwa nusu kaputi, maana wakati wa kuzinduka ndo njia ya hewa inaweza kuziba, wamwangalie mpaka aamke kabisa.

Dada kashahamishia jiko nje na udi kaacha (kwa kununa lakini kaacha). Tulipokwama ni kwamba anataka kumtafutia Pamba dume azae auze watoto, eti hela ya haraka. Nimemwambia hawa kuzaa kwenyewe wanakwama mara nyingi kuliko paka wa kawaida, na watoto watarithi pua ileile, bora amfunge kizazi. Kanijibu nimlipe mimi hiyo hela ya watoto, na mpaka sasa hatujaelewana.