Chai ya Kichina ya kuvundikwa, nimeinywa hapa Lamu

Basi shemeji alorudi China akaniletea kidonge cha chai, duara kama chapati nene, gramu 357, kimefungwa kwa karatasi, inaitwa Pu'er yatoka Yunnan. Nikakinusa, wallahi harufu ya udongo ulonyeshewa na mvua na mbao za jahazi kuukuu. Mamangu akasema imeoza hii. Haijaoza mama, imevundikwa! Majani yanarundikwa, yanamwagiwa maji, yanafunikwa, yanapata joto na vijidudu vinayafanyia kazi wiki kadhaa, njia hii waliianza viwandani miaka ya 1970, zamani walikuwa wanaiweka tu miaka na miaka ijigeuze yenyewe.

Na mjue Wachina hii mkandaa yetu, chai kavu isotiwa maziwa, wao waiita chai nyekundu, nyeusi kwao ndio hii ya kuvundikwa.

Sasa kupika, msiitie kwenye sufuria na maziwa na iliki tafadhali. Bandua kipande taratibu kwa ncha ya kisu, kama gramu 5 hivi, tia kwa birika dogo, mimina maji yanayochemka kabisa halafu yamwage hayo ya kwanza, ni ya kuosha na kuamsha majani. Mimina tena, hesabu mpaka kumi, tia kikombeni. Rangi kama kahawa ya barazani lakini haina ukali, laini, yateleza kooni. Majani yale yale nimeyamiminia mara nane jana baada ya isha, na tende mbili, na ile ya nne ndio ilokuwa tamu kuliko zote.