Chemchemi za Juu na Chemchemi za Chini

Wapendwa katika Bwana, wiki hii tumemzika Babu, mjomba wake mama yangu, katika milima ya Upare, wilayani Same, akiwa na umri wa miaka 85. Zaburi ya 90 inataja sabini, na themanini kwa wenye nguvu. Yeye aliongezewa mitano. Wasifu uliosomwa kanisani ulikaa sana kwenye Vita vya Kagera, na ilistahili, kwa maana alikuwa mkulima mwenye mke na watoto alipoitwa kutoka mgambo mwishoni mwa mwaka 1978, akavuka Mto Kagera baada ya majeshi ya Idi Amin kulivunja daraja la Kyaka, na akajaliwa kuwa hai Kampala ilipotwaliwa tarehe 11 Aprili 1979. Wapo wenzake waliolala Kaboya, Muleba, na kila Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, aliwataja kwa majina katika sala ya asubuhi. Hata hivyo, tangu mazishi, jambo lililonielemea ni lile shamba lake la tangawizi lililo chini ya ndiva, yaani bwawa letu la kienyeji la kumwagilia, na mabinti aliowagawia.

Tumezoea kuhubiriwa Kalebu wa mlimani. Alikuwa na miaka 40 alipotumwa kuipeleleza nchi, na alipotimiza 85 alisimama mbele ya Yoshua akaomba apewe mlima aliokuwa ameahidiwa. Mahubiri mengi huishia hapo. Tukiendelea hadi Yoshua 15 tunamkuta askari huyo huyo akiwa baba: Aksa binti yake anashuka juu ya punda, anaulizwa anataka nini, naye anasema kwamba amepewa nchi kame ya kusini, basi apewe na chemchemi za maji. Kalebu akampa chemchemi za juu na chemchemi za chini. Alikuwa na wana wa kiume, kama 1 Nyakati 4 inavyoonyesha, lakini hatusomi kwamba alimjibu binti yake kuwa ameshaolewa na kwamba mali ni ya kaka zake.

Babu alirudi nyumbani katika miaka ya kufunga mkanda, sabuni na sukari zikiwa za kutafutwa, akashika jembe na kuwa mtu wa kwanza kufika kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, wa kusafisha ndiva. Baadaye, akiwa na nguvu zake na akili zake timamu, aliwaita wazee wa kanisa na mwenyekiti wa kijiji, akampa kila binti kipande chake cha shamba pamoja na zamu yake ya maji. Ninyi mliolelewa kule mnajua kwamba kiangazi kikikaza, shamba lisilo na zamu ya maji halimlishi mtu. Baadhi ya ndugu walimnunia. Aliwajibu kwamba Mungu hakumrudisha salama kutoka Uganda kwa ajili ya watoto wa kiume peke yao. Mimi ninayewaandikia nilisomeshwa sekondari kwa tangawizi ya mmoja wa mabinti hao, mama yangu mkubwa, aliyebaki mjane mapema na hakuwahi kubisha hodi kwa mtu kuomba ada yangu.

Sasa niseme nanyi waziwazi, hasa akina baba. Tunakesha tukiimba, tunachanga jeneza zuri, na kabla matanga hayajaanuliwa tayari kuna shemeji anayelipima kwa hatua shamba la mjane, naye Jumapili anashika kikapu cha sadaka. Hilo ni dhambi, na tuliite hivyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imebatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Inakuwaje Bunge litukumbushe sisi neno ambalo Bwana alimwambia Musa zamani, kwamba binti za Selofehadi, waliotaka urithi wa baba yao, wanadai haki yao? Mwenye shamba na aligawe akiwa hai, mbele ya mashahidi, kwa maandishi, na mabinti wawemo. Usimwachie Mungu kazi aliyokupa wewe miaka yote hiyo uifanye.

Jumamosi hii ukoo wetu unakutana, na zimeanza kusikika sauti zinazotaka mgawanyo wa Babu ufumuliwe. Tuombeeni. Nanyi wazee mliokuwepo siku alipogawa, tunawasihi mpande mlima mje mkae nasi katika kikao hicho, mseme mlichokiona.