Mlimani au Mzumbe

Kwa watu wa Ngamiani nilikokulia, hapa Tanga, chuo kikuu kilikuwa kimoja tu nchi nzima. Vingine vyote vilikuwa "vyuo." Ukisema mtoto wa fulani kachaguliwa, swali la pili lilikuwa "Mlimani?", yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ukijibu hapana, mtu anakwambia "Alhamdulillahi, chuo ni chuo," kwa sauti ile ya kumpa pole mfiwa. Nayaandika haya kwa sababu kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, wadogo zangu wa mtaani wananipigia simu kuniuliza swali ambalo nyumbani kwetu tuliligombania mwaka 2019: nifuate chuo chenye jina, au kile ninachokimudu?

Nilisoma ECA: Uchumi, Biashara na Uhasibu. Matokeo yalikuja mazuri, nikaomba vyuo kadhaa, vikanichukua viwili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilinipa shahada ya biashara upande wa uhasibu. Chuo Kikuu Mzumbe, kule Morogoro, wakanipa uhasibu na fedha. Zote miaka mitatu. Utaratibu wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, ni kwamba aliyechaguliwa chuo zaidi ya kimoja anatumiwa namba ya siri kwenye simu, aingie kwenye akaunti ya chuo anachokitaka, athibitishe. Kimoja tu, na kabla ya tarehe ya mwisho. Ukizubaa, nafasi wanapewa wengine.

Namba yangu iliingia mchana. Baada ya isha ami akaja, maana habari ilishamfika. Ami ni mdogo wake baba, wakati huo karani wa kuhesabu mizigo bandarini, na ndiye aliyenilipia ada ya sekondari baba alipostaafu. Kwa hiyo neno lake nyumbani lilikuwa na uzito, na lilistahili.

Hakuanza kwa maneno. Alitoa pochi, akachomoa noti ya shilingi mia tano, zile za mwaka 2010 ambazo zilikuwa zimeshaanza kuadimika tangu sarafu ya mia tano ilipotoka. (Benki Kuu imeziondoa kwenye mzunguko mwaka 2025.) Mbele Mzee Karume. Akaigeuza nyuma, akaisogeza kwenye taa, akaweka ukucha wa kidole gumba juu ya jengo.

"Mwanangu, hili jengo unalijua?"

"Nalijua, ami. Ukumbi wa Nkrumah."

"Uko wapi?"

"Mlimani."

"Nitajie chuo kingine kilichochapwa kwenye hela ya nchi hii."

Sikuwa na cha kutaja. Naye hakuwa anatafuta sifa za bure. Ami aliipenda historia ya chuo kile kuliko watu wengi waliosoma pale. Akatueleza kilivyoanza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kitivo kimoja tu cha sheria, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1964 kikahamia kilimani, mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili na Mwalimu Nyerere akawa mkuu wake. Akamtaja Museveni aliyesoma pale, akamtaja mwanahistoria Walter Rodney aliyefundisha pale, akamtaja Kikwete, akamalizia na Rais Magufuli aliyekuwa Ikulu mwaka ule. "Ukisema umetoka Mlimani, mtu anakaa vizuri kwenye kiti," alisema.

Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa upole, "Na Makamu wa Rais kasoma wapi?"

Ami akanyamaza. Mama Samia alisoma Mzumbe, enzi hizo ikiitwa IDM, Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, akamaliza mwaka 1986. Mwaka 2019 hakuna aliyejua kwamba si muda mrefu atakuwa Rais, lakini hata umakamu ulitosha kuibadilisha hewa ya baraza.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Baba alikuwa karani wa mishahara kwenye shamba la mkonge. Maisha yake yote ya kazi, mhasibu mkuu aliyemheshimu, aliyemwogopa hata, alikuwa mtu wa IDM. Ofisini kwao ukisema "huyu katoka Mzumbe," watu walinyoosha shati. Chuo kile kilianza mwaka 1953 kikifundisha watumishi wa serikali za mitaa, kikawa IDM mwaka 1972, na chuo kikuu mwaka 2001. Zaidi ya nusu karne kimekuwa kikitoa watu wa ofisi: wahasibu, maafisa utumishi, wakurugenzi wa halmashauri. Bandarini jina lilikuwa Mlimani, shambani jina lilikuwa Mzumbe. Ndugu wawili wa tumbo moja, kila mmoja na chuo chake kikubwa, kwa sababu ya watu aliofanya nao kazi. Tangu siku hiyo mtu akiniambia chuo fulani kina jina, namuuliza: kwa nani?

Baba akaniambia nilete karatasi. Nilikuwa nimechapisha steshenari orodha ya masomo ya pande zote mbili. Akaenda ndani, akarudi na rula yake ya mbao, ile aliyokuwa akiitumia kwenye leja. Ndiyo rula aliyonifundishia uhasibu nikiwa darasa la saba: debiti kushoto, krediti kulia, ukikosea usifute, piga mstari mmoja ili kosa lisomeke, andika sahihi pembeni, weka saini. Akaiweka rula chini ya mstari wa kwanza wa Mlimani, akatafuta mwenzake kwenye karatasi ya Mzumbe, akatia alama. Uhasibu wa fedha, upo. Uhasibu wa gharama, upo. Ukaguzi wa hesabu, upo. Kodi, ipo. Sheria za biashara, takwimu, uchumi. Alikwenda hivyo mstari kwa mstari, polepole, mpaka mama akaleta kahawa ya pili. Yaliyobaki bila alama yalikuwa machache, ya pembeni.

"Sasa niambie," akamgeukia ami, "mtihani wa CPA anatunga nani?"

Jibu wote tulilijua. NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Utoke Mlimani, utoke Mzumbe, utoke Mwanza au Dodoma, ukitaka kuwa mhasibu mwenye cheti hicho cha CPA unakaa kwenye mtihani wao, mwezi wa tano au wa kumi na moja, unaandika namba ya mtahiniwa. Nafasi ya kuandika jina la chuo haipo.

Ami hakushindwa kirahisi. Alisema mtihani ni mtihani, lakini kazi anatoa mtu, na mtu ana masikio. Nakubali mpaka leo kwamba hilo si neno la kupuuza.

Usiku ule nilipiga simu kwa dada mmoja wa mtaani aliyekuwa mwaka wa tatu Mlimani, na kaka mmoja aliyekuwa Mzumbe. Sikuwauliza chuo kipi bora, maana kila mtu husifu kwake. Nilitaka kujua analala wapi, anakula kwa kiasi gani, karatasi ya jaribio inarudishwa ikiwa na maelezo au alama tupu, na fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, alikwenda wapi. Dada akaniambia ukweli mmoja ambao namshukuru nao: jina limemsaidia kupata fildi nzuri mjini, lakini bumu, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, linakatika mapema mno. Siku zile pesa ya Bodi ya Mikopo ya chakula na malazi ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku. Hosteli za Magufuli zilizofunguliwa mwaka 2017 zilikuwa zimepunguza adha, lakini ukikosa kitanda unapanga Sinza au Changanyikeni, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi. Kaka wa Mzumbe alisema ukikosa hosteli unapanga Changarawe, kijiji kiko mlangoni mwa chuo, darasani unakwenda kwa miguu na milima ya Uluguru unaiona dirishani.

Na majina ya mkopo yalikuwa hayajatoka. Hili linaniuma kwa niaba ya kila mtoto wa maskini: unathibitisha chuo kabla ya kujua kama utapata mkopo na ni asilimia ngapi. Mtoto wa mwenye uwezo anachagua jina. Wewe unachagua chuo ambacho hata mkopo ukija nusu, utamaliza.

Mama hakuingia kwenye mabishano. Aliniambia nisali istikhara, sala ya kumwomba Mungu mwongozo, nilale. Nikasali. Asubuhi nilifungua akaunti ya Mzumbe, nikaweka namba, nikabonyeza. Kisha nikaenda kwa ami kumpa taarifa mwenyewe, asije akaisikia barabarani. "Shikamoo ami." "Marahaba." Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akasema Mungu akubariki, akarudi kwenye baiskeli yake kuipaka mnyororo mafuta.

Lingekuwa jambo la kozi iliyoko Mlimani tu, ningekwenda Mlimani hata kwa kulala sakafuni. Kozi zilikuwa sawa, bodi ile ile, na mfuko wetu ulikuwa unajulikana.

Masikio aliyoyasema ami nimekutana nayo. Kwenye usaili wa kampuni moja ya binafsi Dar es Salaam, mtu wa kwanza kufungua mdomo aliniuliza kwa nini sikusoma Mlimani, na kazi sikuipata. Kwenye ajira ya serikali ilikuwa tofauti: tangazo lilitaka shahada ya chuo kinachotambulika, tukaandika mtihani wa mchujo ukumbi mmoja, majina yakatoka kwa alama.

Leo niko halmashauri, idara ya fedha. Ami amestaafu na bado hajakubali. Idi iliyopita aliniambia mbele ya watu kwamba ningekwenda Mlimani sasa hivi ningekuwa Benki Kuu. Nikamwambia mkuu wangu wa kitengo ni wa Mlimani, ninayekaa naye meza moja ni wa Mtakatifu Augustino Mwanza, na Juni 30 ikikaribia sote watatu tunakesha ofisini kufunga hesabu. Akasema huyo mkuu wako ndiye mkuu, umeona? Tukaendelea kubishana mpaka pilau likaletwa.